Sewa Haji na Hospitali ya Watu Wote

Ndugu msomaji, ukienda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kumjulia hali mgonjwa, huenda ukaelekezwa Mwaisela, au Kibasila, au Sewahaji. Haya ni majina ya majengo ya wodi. Tumeyazoea hata hatuulizi yametoka wapi. Basi jina hilo la tatu ni la mtu wa hapa kwetu Bagamoyo, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1897. Hakuwa daktari, wala hakuwa mtu wa Kanisa letu, wala wa Kanisa lolote. Lakini tumeona vema kueleza maisha yake, kwa sababu jambo alilolishughulikia halijakwisha mpaka leo. Jambo lenyewe ni hili: nani apokewe mlangoni pa hospitali, na nani aachwe nje.

ASILI YAKE

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika jamaa ya Makhoja wa Ismailia, iliyotoka Kachi, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Baba yake alifanya biashara Unguja, kisha akafungua duka Bagamoyo pia. Kijana alipofikia umri wa miaka kumi na minane hivi aliingia katika kazi ya baba yake, na maisha yake yakafungamana na mji huu.

Wazee walituhadithia habari za Bagamoyo ya zamani, lakini yafaa tuikumbuke tena. Mji huu ulikuwa mlango wa bara. Kutoka hapa njia ilikwenda Tabora na Ujiji, na matawi yake yakafika mbali zaidi. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Hapakuwa na reli, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo kila kitu kilipita juu ya bega la mtu. Mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi, akatembea nao miezi mitatu au zaidi.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuiwezesha misafara hiyo kuondoka. Aliyetaka kwenda bara alimwendea yeye. Alimtafutia wapagazi, akamwuzia nguo na shanga za kulipia njiani, akamkopesha palipohitajika. Mwaka 1871 mwandishi Stanley alipofika Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alipata wapagazi kwa mkono wa kijana huyu, ambaye alikuwa na miaka ishirini hivi. Baadaye Stanley akaandika katika kitabu chake kwamba kijana alimpunja sana katika hesabu. Sisi hatukuwapo kuamua kati yao. Ila twaona kwamba jina la Sewa Haji liliingia vitabuni kwanza kwa lawama, si kwa sifa.

Tena tusifiche neno. Biashara yake haikuwa ya nguo na shanga tu. Aliuza bunduki na baruti pia, na vitu hivyo vilikwenda bara na kufanya kazi yake kule. Na wapagazi wenyewe, ambao jasho lao ndilo lililomtajirisha, waliteseka sana. Ndui, kuhara na vidonda vya miguu viliwaangusha njiani, na waliofika pwani wagonjwa walikuwa mbali na ndugu zao. Mtu aliyekuwa na ghala Bagamoyo aliwaona kila msimu. Moyo wa mtu ni msitu. Hatuwezi kuingia humo. Tutazame matendo yake.

MALI NA MATUMIZI YAKE

Kufikia miaka ya 1880 Sewa Haji alikuwa mkubwa wa wote waliofanya kazi ya misafara hapa pwani. Wamisionari, wapelelezi wa nchi, na halafu Wajerumani walipoitawala nchi, wote walimhitaji. Alikuwa na majumba Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani waliuhamishia Dar es Salaam mji mkuu wao, na Bagamoyo ikaanza kupungukiwa. Katika miaka hiyohiyo ndipo Sewa Haji alipoanza kutoa mali yake kwa wingi.

Kwanza alitoa jengo la ghorofa hapa Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wapokewe bila kuulizwa taifa wala dini. Alianzisha pia hospitali hapahapa, nayo ndiyo chanzo cha Hospitali yetu ya Wilaya. Alisaidia kazi ya Misheni ya Wakatoliki katika kuwatunza watu wenye ukoma, ingawa yeye alikuwa Mwislamu wa Ismailia na wao walikuwa mapadre wa Roma. Na mwaka 1893 alitoa rupia 12,400 ili ijengwe hospitali Dar es Salaam, ya kuwatibu Waafrika na Wahindi.

Kisha akaandika wasia. Majumba yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam aliyaacha mikononi mwa Serikali, ili mapato yake yawasaidie maskini na wenye ukoma, na kuzitegemeza hospitali. Hapa twaona akili ya mfanyabiashara. Alijua kwamba rupia zikigawiwa leo huliwa leo, bali nyumba huleta kodi kila mwezi, na mgonjwa wa mwaka ujao naye atapata chakula.

Alifariki Unguja mwezi Februari 1897, akiwa na miaka 46 tu. Kazi yake ya misafara ikashikwa na Alidina Visram, aliyekuwa amefanya kazi chini yake, ambaye baadaye akawa tajiri mkubwa mpaka Uganda.

HOSPITALI MBILI KATIKA MJI MMOJA

Mwaka huohuo wa 1897 Dar es Salaam ilikuwa na hospitali mbili. Moja ilikuwa ufukoni, penye upepo wa bahari, nayo ni ile iitwayo leo Ocean Road. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Ya pili ilikuwa Hospitali ya Sewa Haji, na ndiyo iliyopokea Waafrika na Wahindi. Kwa hiyo, kwa miaka karibu sitini, chini ya Wajerumani na chini ya Waingereza, mkazi wa Dar es Salaam asiyekuwa Mzungu alipougua sana alipelekwa kwa Sewa Haji.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya, ikapewa jina la binti wa kifalme wa Uingereza, Margaret, na kazi ya hospitali ya zamani ikahamia huko. Baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la binti wa kifalme likaondoka. Jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo likabaki juu ya wodi.

WENYE UKOMA

Ndugu msomaji, tufikiri kidogo juu ya watu wale wenye ukoma. Katika siku za Sewa Haji ukoma haukuwa na dawa ya kuuponya. Dawa ya kwanza yenye nguvu ilianza kutumika katika miaka ya 1940, na mchanganyiko wa dawa tunaoujua leo, unaotolewa bure, ulikuja katika miaka ya 1980. Mtu mwenye ukoma mwaka 1890 alitengwa na nyumba, na soko, na hata kisima. Wengine walisema ni laana, wengine wakasema amejitakia. Sewa Haji alitoa mali yake kwa watu ambao hakuna mganga aliyeweza kuwaahidi kupona. Aliwapa kile kilichowezekana wakati ule, yaani mahali pa kukaa, chakula na mtu wa kuwaosha vidonda.

Sasa tujiulize. Ni nani leo anayesemwa hivyo, kwamba amelaaniwa au amejitakia? Hatuna haja ya kwenda mbali. Ni yule kijana alalaye karibu na soko la samaki, tunayemwita teja. Ni yule mama asikiaye sauti zisizosikiwa na wengine, ambaye ndugu zake wamemfungia chumba cha uani. Ni yule baba wa watoto wanne ambaye mkono wake hutetemeka asubuhi mpaka apate pombe. Tofauti iko moja, nayo ni kubwa. Wale wa Sewa Haji hawakuwa na dawa. Hawa wanayo, ila haiwafikii, au wao hawafiki ilipo.

NJIA NDEFU YA KUFIKA

Mtu aliyerukwa na akili katika nchi hii zamani hakuwa na mahali. Aliyeonekana wa hatari aliweza kujikuta gerezani, ingawa hakuiba wala hakuua. Hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Ilianza mwaka 1896 kama nyumba ya kuwatunza watu waliookolewa utumwani, na kutoka mwaka 1904 ikawapokea wagonjwa wa akili. Ingali ikifanya kazi hiyo mpaka leo chini ya Kanisa la Kilutheri. Katika miaka ya 1920 Waingereza wakajenga ya Dodoma, ambayo sasa twaijua kwa jina la Mirembe. Hapo jina la Mirembe likawa neno la dhihaka midomoni mwa watu, na dhihaka hiyo imewazuia wengi kutafuta matibabu kuliko umbali wenyewe.

Tena umbali si mdogo. Mtu wa Bagamoyo akipelekwa Dodoma, nani atakwenda kumtazama? Katika miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Waganga na wauguzi wa zahanati walifundishwa kumtambua mgonjwa wa akili na kumpa dawa karibu na kwake. Somo lililopatikana ni jepesi: mgonjwa akitibiwa karibu na nyumbani, ndugu hawamsahau.

Habari ya madawa ya kulevya ni mpya zaidi. Heroini, ambayo vijana huiita unga, ilianza kupita katika pwani yetu katika miaka ya 1980 ikitoka Asia, na yaliyopita njiani yakaacha watumiaji njiani. Baadaye wengi wakaanza kujidunga sindano, na sindano ikaleta UKIMWI na homa ya ini. Mwezi Februari 2011 ilifunguliwa Muhimbili kliniki ya kwanza ya Serikali ya methadoni katika Tanzania Bara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na halafu mikoa mingine kama Mbeya, Mwanza na Dodoma.

Methadoni ni dawa ya kunywa. Nayo hukaa mwilini muda mrefu, ikamwondolea mtu arosto, yaani yale maumivu ya mwili, kuhara na kukosa usingizi yanayomrudisha kwenye unga hata kama moyo wake hautaki. Anayeanza huinywa kila siku mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu pia. Hatozwi fedha. Lakini nauli hutozwa. Fikiri mtu anayetoka mbali na kliniki, daladala mbili au tatu kwenda na nyingine kurudi, kila siku iendayo kwa Mungu, naye hana kazi na hakuna anayemwamini kwa shilingi mia. Mlango uko wazi, tena bila malipo, ila njia ya kuufikia ina gharama. Wanawake ndio wachache zaidi wanaofika, maana mwanamke atumiaye unga hutukanwa mara mbili, na mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Turudi kwa Sewa Haji. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuwafikisha watu. Alijua kwamba safari hushindwa kabla ya kuanza kama hakuna wa kubeba mzigo, na kwamba mwenye kwenda Ujiji huhitaji posho ya njiani. Aliyafanya hayo kwa faida, akawa tajiri. Alipoanza kutoa, aliutumia ujuzi huohuo. Hakujenga tu nyumba ya wagonjwa. Aliweka na kodi ya kuilisha. Nasi tukitaka kumsaidia mgonjwa wa namna hii, yatupasa kujifunza hapo. Maneno ya kumhimiza aache ni rahisi. Nauli ya mwezi wa kwanza na mtu wa kwenda naye ndivyo vitu adimu.

MAMBO MACHACHE YA KUJUA

Kwa kuwa gazeti hili husomwa nyumbani, tumeona vema kuongeza mambo machache ambayo kila jamaa yafaa kuyajua.

La kwanza, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Wilaya. Usingoje mpaka mgonjwa avunje vitu. Mganga akiona haja ataandika barua ya rufaa. Mtu ambaye kwa majuma kadhaa halali, hali, hazungumzi, au anasema hana sababu ya kuishi, ni mgonjwa kama mwenye malaria alivyo mgonjwa. Anayesema atajiua asiachwe peke yake, naye apelekwe siku hiyohiyo.

La pili, mlevi aliyezoea kunywa sana kila siku asifungiwe ndani ili aache kwa ghafula. Anaweza kupata degedege na kuweweseka, na wengine hufa. Aache chini ya uangalizi wa hospitali.

La tatu, kijana aliyekaa bila unga kwa muda, kama ni kwa kufungiwa, au gerezani, au katika nyumba ya upataji nafuu, mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akirudi kutumia kiasi kilekile kinaweza kumwua. Kwa hiyo siku ya kurudi nyumbani ndiyo siku ya hatari, nasi mara nyingi tunaidhani ni siku ya kushangilia tu. Apokewe, afuatwe, aunganishwe na matibabu.

La nne, anayekunywa methadoni kwa miaka kadhaa hajabadilisha ulevi kwa ulevi mwingine. Yuko katika matibabu, kama alivyo mwenye kisukari anayechoma sindano yake kila siku. Tusimharakishe aache ili kutufurahisha sisi.

La tano, minyororo haiponyi. Wengi wetu tumewafunga ndugu zetu kwa sababu ya hofu na kwa kukosa mahali pa kwenda, wala hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Twasema tu kwamba mahali pa kwenda papo, na kwamba mgonjwa aliyefungwa hukumbuka ni nani aliyemfunga hata baada ya kupona.

MWISHO

Sewa Haji hakuwa malaika. Bunduki zake zilikwenda bara pamoja na nguo zake, na mgeni mmoja mashuhuri alimwita mpunjaji. Lakini alipofika mahali pa kuamua mali yake iende wapi, aliielekeza kwa watoto wa mataifa yote, kwa mgonjwa asiyepokewa mahali pengine, na kwa mwenye ukoma ambaye hakuna aliyetaka kumgusa. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na watu wa dini zote na makabila yote wamelala katika vitanda vilivyo chini ya jina lake. Sisi wenyewe tumo, na wazazi wetu.

Basi mara nyingine utakapopita njiani ukamwona kijana yule karibu na soko la samaki, kumbuka kwamba mji huu ulimtoa mtu aliyewaulizia watu kama yeye. Kijana huyo ana jina, na liko nyumba moja linakojulikana bado. Mwite kwa jina hilo. Kisha mwulize kama yuko tayari kwenda, na kama yuko tayari, nani atakwenda naye kesho asubuhi.